Mwenye Neno na Ukuta Huu

Nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, mimi na Mama tuko jikoni, na chini yetu, mahali ambapo hapakuwa na mtu, kitu kikagonga. Ko, ko. Kikanyamaza. Kikasogea kidogo, kikagonga tena. Mama hakuniangalia. Alichukua sufuria, akatia maji na maziwa, akaiweka juu ya jiko, akawasha moto. Mkono wake ulikuwa tayari ndani ya kopo la majani ya chai ndipo alipokumbuka, na niliona jinsi alivyokumbuka: mabega yake yalishuka kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba.

Kaka yangu Kevo alikuwa akigonga hivyo. Alilala chumba cha chini, na alipotaka chai hakujisumbua kupanda. Aligonga dari kwa mpini wa ufagio, na Mama akamjibu kwa kisigino. Lakini Kevo alikuwa ameondoka zamani, na hakuna aliyegonga tangu hapo.

Nilitoka nje, nikashuka ngazi za pembeni, nikaukuta mlango wa chini umesukumwa wazi. Ndani alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la kazi, ameinamisha kichwa, sikio karibu na ukuta, kidole cha kati kimekunjwa.

"Ngoja," aliniambia kabla sijamsalimu. Akagonga. "Huyu anakunywa maji. Tena si leo tu, ni mlevi wa siku nyingi."

"Wewe ndiye wa jipsamu?"

"Mimi ni fundi. Jipsamu ni kazi, si jina."

"Ungebisha mlangoni, mzee."

"Mlango ulikuwa wazi."

"Huwa wazi," nikamwambia.

"Na pia mlangoni mtu anajibiwa na mwenye nyumba," akasema, akisogea hatua moja na kugonga tena. "Mwenye nyumba atakwambia kila kitu kiko sawa. Ukuta hauna adabu hiyo."

Hivyo ndivyo alivyoingia kwetu, na kwa miaka yote iliyofuata sikuwahi kumwita jina lingine. Watu wa mtaa wenye kujaribu Kiingereza walimwita kontrakta. Alikataa. Kontrakta, alisema, ni mtu anayekuja na gari kuangalia watu wakifanya kazi. Yeye alikuwa Fundi. Alikotoka, nani alimzaa, kama alioa, hayo sikuyajua vizuri na sasa sitayauliza. Nilijua tu kwamba nyumbani kwao ni magharibi, kwa sababu aliutania upishi wa Mama kila alipokula. "Nyinyi watu wa mlimani," alikuwa akisema, "hata uji mkiachwa peke yenu mtautia viazi."

Lazima nieleze chumba chenyewe, maana mtu asiyekijua hataelewa kwa nini namkumbuka Fundi kila mvua inapoanza.

Nyumba yetu iko Nairobi, upande wa Umoja ambako ardhi inateremka kuelekea mtoni. Baba, wakati wa kuongeza vyumba kama kila mtu mtaani alivyoongeza, hakuwa na nafasi ya kwenda pembeni, na kwenda juu kulimtisha, basi akachimba. Akapata chumba ambacho nyuma kimezikwa ardhini na mbele kina mlango na dirisha vinavyotazama kichochoro. Majirani walisema amejichimbia ghala la viazi. Sisi tulikiita Chini. Peleka hii Chini. Kevo yuko Chini. Baba alipofariki, Kevo alihamia huko na redio yake na mabango yake, na tukawa tunamsikia kwa chini akifanyia mazoezi mashairi yake ya muziki wa kufokafoka, sauti ikipanda kupitia sakafu bila maneno, mapigo tu.

Mchana mmoja alitoka kwa mlango huo kwenda Dandora kwa rafiki yake aliyekuwa na vyombo vya kurekodia. "Mathe, narudi saa hii tu," alimwambia Mama. Jioni hiyo simu yake ikawa mteja, haipatikani. Mama alizunguka vituo vya polisi, akazunguka hospitali, akaingia hata vile vyumba vya baridi ambako watu hulazwa wakiwa na karatasi kwenye kidole cha mguu. Hakumpata popote, na huko kutompata ndiko kulikomkalia. Mtu asiyeonekana hazikwi. Tangu siku hiyo mlango wa Chini haukutiwa komeo, usiku wala mchana, na wezi wa mtaa, ambao hawamsamehe mtu hata ndoo, hawakuwahi kuingia.

Shangazi zangu walitaka chumba kipangishwe. Mama alisema kina mwenyewe. Lakini ule ukuta uliozikwa ulikuwa ukitoa jasho, na nguo za Kevo zikaota ukungu ndani ya sanduku. Hapo ndipo Mama aliposema atafutwe fundi, ukuta ufunikwe kwa bodi za jipsamu, chumba kikauke.

"Kevo akirudi asikohoe," alisema.

Kwa hiyo Fundi hakuitwa kufunga chumba cha mtu aliyepotea. Aliitwa kukitayarisha kwa mtu aliyechelewa. Na hakuna aliyemwambia.

*

Alikuwa mtu wa vumbi. Bodi ya jipsamu ikipigwa msasa hutoa unga mweupe, laini kuliko unga wa ngano, na unga huo ulimkaa kwenye nyusi, kwenye vinywele vya masikio, kwenye mikunjo ya shingo. Asubuhi alifika akiwa mtu wa makamo. Saa sita alikuwa mzee. Alasiri alikuwa mzuka, macho mawili mekundu katika uso wa chokaa, na watoto wa kichochoro walimkimbia huku wakicheka. Kisha alikuwa akiomba maji, ananawa kwenye karai pale mlangoni, na miaka inamtoka, inaelea juu ya maji kama utando wa maziwa. Nilipenda kumtazama akinawa. Sikumjua mtu mwingine aliyezeeka na kurudi kila siku.

Ukimya wake na maneno yake havikugawanywa sawa. Kwa watu alikuwa mkavu. Kwa kuta aliongea mfululizo, akizitania, akizikaripia, akiziuliza nani alizipiga plasta vibaya hivi. "Kaa wima, wewe. Nani alikulea?" Ukiingia ghafla ungedhani ana mgeni. Ukimuuliza anaongea na nani, anakujibu, "Na mtu anayesikiliza," halafu ananyamaza mpaka utoke.

Alikuwa na dharau kubwa kwa watu wa haraka. Kulikuwa na fundi mwingine, wa huko Kayole, aliyekuwa akibandika bodi moja kwa moja juu ya ukuta wenye unyevu, anapaka rangi, anaondoka kabla mvua haijaja. Fundi hakumtaja kwa jina. Alimwita Bandeji. "Nimetoka kwa nyumba nyingine ya Bandeji," alikuwa akisema akiingia, na tulijua kwamba mahali fulani ukuta umevimba tumbo na kuanguka juu ya makochi ya mtu. Yeye mwenyewe kwanza alichimba mtaro nje, akaupaka ukuta upande wa nje saruji ya kuzuia maji, akaungoja. Kisha akasimamisha fremu za bati, lakini si zikigusa ukuta. Aliziweka mbali kidogo, upana wa kiganja.

Mama aliteremka siku hiyo kuona. Alitazama lile pengo kati ya fremu na ukuta wa zamani, mahali ambapo bodi zikishafungwa hakuna mtu angepaona tena.

"Na hapo katikati kutakaa nini?" akauliza.

"Hewa, mama. Ukuta lazima upumue."

"Hewa tu?"

"Hewa tu."

Mama aliingiza mkono katika lile pengo, akaushikilia humo muda mrefu, kama mtu anayepima maji ya kuoga mtoto.

*

Nafika sasa kwenye kosa lake, na kosa lenyewe lilikuwa la adabu.

Kwetu mwanamke aliyezaa haitwi jina lake. Anaitwa mama wa kifungua mimba wake. Mama yangu alikuwa Mama Kevo tangu kabla sijazaliwa. Mtaa mzima, kanisani, sokoni, hakuna aliyemjua kwa jingine. Kevo alipokosekana, watu walianza kusitasita. Wangefungua mdomo, wangesema "Mama..." na kuishia hapo. Kisha, kwa huruma, wakahamia kwangu. Akawa Mama Shiru. Walimvua jina taratibu, kama mtu anavyomvua mgonjwa kiatu, na Mama akawaachia mguu. Aliitika. Lakini alikuwa akiitika akichelewa kidogo, kila mara, kama anayeitwa kwa bahati mbaya.

Fundi hakuyajua hayo. Alitaka kumwita mwenye nyumba kwa heshima, basi akamuuliza mama mzee mwenye kioski pale kona, na yule bibi, kwa mazoea ya miaka, akasema Mama Kevo. Siku bodi zilipoletwa kwa mkokoteni, alisimama chini ya ngazi akaita kwa sauti iliyojaa kichochoro kizima.

"Mama Kevo!"

Nilikuwa nimekaa ngazini. Jirani aliyekuwa akianika nguo aliacha mikono hewani. Mama alitokea juu haraka sana, kitambaa cha mkono kikimdondoka.

"Naam."

"Huyo Kevo mwenyewe yuko wapi? Bodi hizi ni nzito, na sioni vizuri kijana wa nyumba alale wazee wakibeba."

Nilisimama nikamtazama Mama.

"Ametoka," Mama akasema.

"Ameenda mbali?"

"Dandora tu."

"Basi akirudi mwambie kuna kazi hapa. Na mwambie nimemuuliza."

"Nitamwambia."

Mama akashuka, akashika ncha moja ya bodi, Fundi akashika nyingine, na wakaziingiza wote wawili, moja baada ya nyingine, mwanamke mwenye goti bovu na mzee mwenye kikohozi, na nilipojaribu kumpokea Mama, akaniambia nisogee. Uso wake ulikuwa na kitu nilichokisahau. Ulikuwa uso wa mtu ambaye mwanawe yupo na anamkera.

Yule bibi wa kioski alimweleza Fundi jioni hiyo hiyo. Najua kwa sababu nilikuwa pale nikinunua mkate. Alimweleza kwa kunong'ona, akiegemea dirisha la waya, na Fundi aliishikilia soda yake bila kuinywa mpaka povu likaisha. Aliirudisha chupa ikiwa imejaa.

Kesho yake alichelewa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilimngoja mlangoni nikijua atasema pole, kama walivyosema wote, na kwamba baada ya hapo naye atahamia kwa Mama Shiru. Alikuja akiburuta miguu. Mama alikuwa juu ya ngazi. Fundi akamtazama, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mama Kevo," akasema. "Nimefika."

"Karibu, Fundi. Chai iko tayari."

Hakulibadilisha jina hilo hata siku moja. Baada ya miaka nilimuuliza kwa nini. Alikuwa akikata bodi kwa kisu, na alimaliza kukata kwanza.

"Nilimwita na akaitika," alisema. "Mtu akishaitika, utamnyang'anyaje?"

*

Katika kuupangusa ule ukuta uliozikwa, karibu na sakafu, alipata kiganja.

Ilikuwa alama ya mkono wa mtoto katika plasta, vidole vimetanuka, kidole kidogo kimezama kuliko vingine. Baba alikuwa akipiga plasta, Kevo mdogo akiwa karibu yake, plasta ikiwa mbichi. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo lakini sikuwahi kukiona; kitanda cha Kevo kilikuwa kimekiziba. Fundi hakutumia brashi ya waya hapo. Alikipangusa kwa kitambaa kibichi, kisha akamwita Mama, na Mama akapiga magoti na kuweka mkono wake juu ya ule mdogo.

"Hapa bodi isipite," akasema.

"Mama Kevo, lazima ipite. Nikiacha tundu, unyevu utaingia kama mgeni aliyealikwa."

"Mwalike."

"Utaharibu kazi yote. Bodi zitavimba. Watu watasema Bandeji alipita hapa."

"Waseme."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Fundi alikata kidirisha katika bodi, si kikubwa kuliko sahani, akakitengenezea kifuniko chenye bawaba ndogo za kabati. Alikifanya vizuri, kingo zimenyooka, na alikichukia. Alikiita kidonda. Aliposhika bodi ya mwisho, ile ya pembeni ambayo ingeziba pengo lote, alifanya jambo alilolifanya katika kila nyumba. Aliweka skrubu mdomoni, akaziondoa, akageuka kwa watu waliokuwepo.

"Mwenye neno na ukuta huu aseme. Baadaye asinisumbue."

Watu kwa kawaida walicheka. Mwenye nyumba mmoja alimwambia kuta hazina masikio, naye akamjibu, "Basi kwa nini watu wakiwa karibu nazo hunong'ona?" Katika saluni moja ya Umoja alikokuwa akitenga chumba cha kusukia, wanawake walidhani ni mzaha, wakasukumana, mmoja akainama na kuliambia lile pengo jina la mwanamume. Halafu akaketi na kulia, na hakuna aliyejua la kufanya, na Fundi akafunga bodi kwa upole kama anayefunika chakula. Aliwacheka sana watu wanaoamini mizimu. Alisema mtu aliyekufa ana kazi nyingi kuliko kukaa kwenye ukuta wa mpangaji. Lakini hakufunga kamwe bila kuuliza, na nilipomshika katika hilo alisema, "Siogopi kitakachokuwa ndani. Nawaogopa watakaobaki nje, waanze kubomoa usiku kwa sababu walisahau kusema."

Kwetu aliuliza, na Mama akajibu neno moja.

"Bado."

Fundi alisubiri kidogo, akitumaini kuna zaidi. Halafu akafunga bodi, akaacha kidirisha.

*

Mvua za masika zilipokuja, kila kitu alichokitabiri kilitokea. Unyevu uliingia kwa kidonda. Bodi zilizokizunguka zilivimba, zikatoa madoa ya rangi ya chai, zikaota manyoya meusi. Fundi akaitwa. Akakata sehemu iliyooza, akatia kipande kipya, akaziba maungio kwa tepu na fila, ule uji mzito wa jipsamu, akapaka rangi. Mwaka uliofuata, tena. Ikawa ndiyo kalenda yetu. Alikuwa akiingia na kuuliza, "Mgonjwa wangu yuko aje?" naye Mama anamjibu, "Amelala vibaya."

Alifanya kazi nyingi mtaani, dari za watu, vyumba vya maduka, na alipenda kuwapitisha wateja wapya kuziona. Kwetu hakumleta mtu. "Hii isionwe," aliniambia. "Hii ndiyo kazi yangu mbaya kuliko zote, na ndiyo naijua kwa moyo." Kila mwaka, kabla ya kumaliza, alifungua kile kifuniko kidogo, akatazama kiganja kwa tochi, na kumuuliza Mama kama ana neno na ukuta huu. Kila mwaka Mama alisema bado. Hakumsukuma. Alinawa uso, akanywa chai, akaenda.

Mara moja nilitumwa kumwita kwake, Kayole, juu kabisa ya jengo la vyumba vya kupanga. Nilitarajia kuona dari za maua na kuta laini, nyumba ya fundi. Nilikuta mawe matupu. Hata plasta hakupiga. Kitanda, jiko, kalenda ya kanisa, na pande zote mawe ya kijivu yenye saruji iliyomwagika kwenye viungo. Nyuma ya ukuta mmoja mwanamke alikuwa akimkaripia mtoto, na kila neno lilisikika kana kwamba wako nasi.

"Fundi, kwako hakuna hata bodi moja?"

"Nataka kumsikia jirani," akasema, akitafuta kofia. "Akikohoa najua yupo. Na mimi nikikohoa anajua nipo. Siku nisipokohoa atakuja."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mahali anapoweka ufunguo. Nilifikiria nyumba zote alizozitenga, wapangaji wote waliolala vizuri bila kusikiana kwa sababu yake, na yeye akirudi jioni kukaa katikati ya vikohozi vya wengine. Nikatazama mlango wake. Ulikuwa na kitasa, hauna komeo.

"Nawe hufungi?"

"Ukuta ni wa waliomo," alisema. "Mlango ni wa yule ambaye hajafika. Twende, mvua inakuja."

*

Masikio yake yalikwenda kabla ya mikono. Kelele za mashine ya kukatia bati zilikuwa zimeyala polepole. Mwanzoni alianza kugonga ukuta kwa nguvu zaidi. Kisha niliona anagonga kwa mkono mmoja na kuweka kiganja cha pili juu ya ukuta, akihisi badala ya kusikia. Kisha hakugonga tena. Akiongea na kuta, aliongea kwa kelele, na maskini hakujua kwamba siri alizokuwa akiziambia zilikuwa zinafika mpaka kioskini. Na kikohozi, ambacho zamani kilimtoka jioni tu, kikawa kinaingia naye asubuhi.

Mwaka huu masika yalipita na hakuja. Mama alimpigia simu. Iliita bila kupokelewa. Bodi zilivimba, madoa yakapanda mpaka usawa wa dirisha. Mama alikuwa akishuka Chini kila siku kuangalia, na sikujua tena kama anamwangalia Kevo au Fundi.

Alasiri moja ya jua dhaifu nilishuka kuanua nguo, nikamkuta ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa Chini. Hakugonga, hakuita. Alikuwa na mfuko wa nguo, kifaa cha skrubu, na kipande kimoja cha bodi alichokwisha kukikata, mraba mdogo, si mkubwa kuliko sahani. Uso wake ulikuwa safi, hauna chembe ya vumbi, na bado ulikuwa mzee. Nilitafuta yale maji ambayo yangemrudisha. Hayakuwepo.

"Msichana wangu," akasema kwa kelele. "Nimekuja kuona mgonjwa. Mwite mama."

Mama aliteremka akishikilia ukuta. Walitazamana. Fundi akainuka kwa shida.

"Mama Kevo, naenda nyumbani. Watoto wa ndugu yangu wananijia kesho. Sitarudi Nairobi."

"Utapona, Fundi."

Hakusikia. Aliendelea.

"Nimefunga kuta za watu mpaka nimesahau hesabu. Zote zinaniacha nilale. Hii moja inakuja. Nikifumba macho naona maji yakiingia hapo, yakiingia, na mimi nina kisu mkononi na siruhusiwi. Sitaki kwenda nayo." Alikinyanyua kile kipande cha bodi. "Nimekuja kukuomba. Ukikataa nitanywa chai niende, na sitakulaumu."

Mama aliingia ndani. Alifungua kifuniko, akachuchumaa na goti lake bovu, akaweka mkono wake pale. Nilidhani atasema bado. Nadhani naye alidhani hivyo. Kisha alimtazama yule mzee aliyesimama mlangoni na mfuko wake wa nguo, mtu pekee mtaani aliyemwita jina lake, na akasema kwa sauti ndogo sana:

"Funga."

"Unasemaje?" Fundi akauliza.

Kulisema neno hilo mara moja kulikuwa kumemmaliza Mama.

"Funga," akasema tena.

"Masikio haya hayasikii, Mama Kevo. Sema kwa nguvu."

Nilifungua mdomo kumsemea, lakini Mama aliinua mkono kunizuia. Akasimama. Akavuta pumzi.

"Nimesema funga, Fundi. Funga!"

Sauti ilitoka mlangoni, ikaenda kichochoro chote. Kule kioskini mtu alizima redio.

Fundi aliitikia kwa kichwa, taratibu. Akaingia, akapiga magoti upande wa pili wa kile kidirisha, akang'oa bawaba zake mwenyewe moja baada ya nyingine, akazitia mfukoni. Akaweka skrubu mdomoni. Akaziondoa.

"Mwenye neno na ukuta huu aseme."

Na Mama akasema. Aliinamia lile tundu na kuongea na giza lililokuwa katikati, na maneno yake hayakuwa ya msiba. Alimwambia Kevo kwamba sweta la buluu amempa kijana wa jirani kwa sababu lilikuwa linaoza, asikasirike. Kwamba Baba angelimchapa kwa kuondoka bila kula. Kwamba Shiru amejifunza kila kitu isipokuwa kupika. Kwamba alimtafuta; alimtaja kila mahali alipomtafuta, kituo kwa kituo, mlango kwa mlango, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kwamba sufuria iko palepale. Fundi hakusikia hata neno. Alikaa na bodi mkononi, akitazama midomo yake, na midomo ilipotulia aliendelea kusubiri kidogo, ikiwa kuna zaidi. Halafu akaweka ile bodi mahali pake. Ilikaa bila kusukumwa. Alikuwa ameikata kwa kukumbuka.

Alipiga tepu, akapaka fila, akalainisha kwa kiganja. Kisha, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka, akakunja kidole cha kati na kugonga. Ko, ko. Mama akashtuka. Fundi alikuwa ameweka mkono wa pili juu ya ukuta, macho ameyafumba.

"Amekauka," akasema. "Au atakauka."

Alikunywa chai amesimama. Aliisifu, akasema afadhali leo haina viazi. Mama alimfungia mkate katika karatasi, akamtilia mfukoni mwa koti, akampangusa unga mweupe kwenye nyusi kwa ncha ya kitenge chake, kwa uangalifu, nyusi moja kisha nyingine.

"Kaa salama, Mama Kevo."

"Safari njema," Mama akasema, kwa nguvu, ili asikie.

Akatoka. Tulisikia kikohozi chake kikipita kioski, kikipita kona, kikipungua, mpaka hatukukisikia. Mama alisimama akisikiliza hata baada ya hapo. Kisha akaunyanyua mlango kidogo kwa bega, maana mbao zake huvimba wakati wa mvua, akausukuma mpaka ukakaa, umefungwa. Komeo lilikuwa pale, limeota kutu. Hakuligusa.